Nilimfundisha Mume Wangu Kuuza Sabuni

Msomaji mmoja wa safu hii, mkazi wa Laela, amenipigia simu. Amehudhuria semina ya ujasiriamali, amepewa cheti na soda, na sasa anauliza: "Mama Atusaye, kwani ni kweli mtu yeyote anaweza kufundishwa biashara?"

Nikamwambia anaweza. Mimi nilimfundisha mmoja, akafaulu vizuri sana. Asome leo aone nilivyolipwa ada.

Kwa aliyenikuta njiani: mimi ni Atusaye, binti wa Andwele, Mnyakyusa aliyefika Sumbawanga na cherehani moja, akaishia kuwa na duka. Niliolewa na Oswaldi, Mfipa, mkulima wa mahindi na ulezi, tukakaa kijijini kwao, njia ya kwenda Mwimbi. Mwaka ni 1983. Sabuni imeadimika nchi nzima, watu wanafua kwa majivu, watoto wamejaa upele. Mimi nikaanza kupika sabuni nyumbani kwa mawese ya ziwani na kostiki, ile chumvi kali inayokula ngozi, tuliyokuwa tukiletewa kwa baiskeli kutoka Zambia kwa njia za porini.

Leo wangeniita mjasiriamali. Wakati ule jina letu lilikuwa moja tu: walanguzi.

Kupika nilipika mwenyewe, mlango umefungwa. Kuuza nikamwachia Oswaldi.

Siku ya kwanza alitoka na kikapu kimejaa. Akarudi na kikapu kitupu na kuku mmoja mgonjwa.

"Sabuni ziko wapi, Baba Beda?"

"Mke wa Zenon kajifungua."

"Mke wa Zenon kajifungua kikapu kizima?"

"Hapana. Nyingine nilimpa yule bibi asiyeona. Nyingine walichukua vijana wa kwaya, wanaimba Jumapili na mashati machafu..."

"Na huyu kuku ndiyo malipo?"

"Huyu? Hapana. Mwenyewe alikuwa anamtupa. Nikamwonea huruma."

Nilipanda lori nikaenda Sumbawanga kwa baba. Sikwenda kuomba kitu. Nilitaka ushauri.

Baba alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Mwanangu, nilikuambia usiolewe naye. Biashara hufundishi mtu. Anazaliwa nayo au anazaliwa bila hiyo. Mumeo ana moyo wa kuwasha mishumaa kanisani."

"Kila kitu kinafundishika, baba. Mimi ulinifundisha."

"Wewe nilikukuta tayari." Akaokota miwani. "Haya. Siku Oswaldi akimnyima mama yake mzazi, njoo uniambie. Hapo nitakubali kajifunza."

Baba alisema kwa mzaha. Mimi nikaenda nayo nyumbani kama mtaala.

* * *

Nilimfundisha kila jioni. Najifunga kanga kichwani, nageuka mke wa Zenon, nalia: "Oswaldi ndugu yangu, mtoto ananuka, nikopeshe kipande tu."

Yeye anatakiwa aseme hapana.

"Mama Beda, siwezi. Unalia kweli kweli."

"Nalia uongo! Sema hapana."

"Basi... chukua nusu."

Siku aliyotoa sabuni, hakula. Nilikuwa nasonga ugali wa ulezi, naweka maharage, tunakula mimi na mtoto wetu Beda, mbele yake. Naye anameza mate.

"Chako umekigawa asubuhi," namwambia.

Mama yake, Fransiska, nyumba yake ikiwa pale pale uani, alikuwa akituchungulia kupitia mlangoni na kutikisa kichwa. Hakuwahi kusema neno. Alikuwa mwanamke wa Kifipa wa zamani, hasemi hovyo katika nyumba ya mkwewe.

Oswaldi hakunikasirikia hata mara moja. Alikuwa ananitazama ninavyotafuna. Mimi nikadhani ni mnyonge. Kumbe alikuwa anasoma.

Akaanza kukataa. Kwanza kwa aibu, anatazama chini. Halafu anatazama mtu usoni. Halafu akaanza mambo ambayo sikumfundisha. Alificha sabuni juma zima kabla ya Pasaka, akaitoa Jumamosi Kuu, kina mama wakiwa wamekata tamaa. Siku ile uani kwetu paliingia mbuzi wawili na kuku wasio na idadi.

"Umeona wapi mbinu hiyo?" nikamuuliza.

"Kwako," akanijibu. "Ulikuwa unanificha chakula mpaka nimelegea."

Nilicheka. Nilijivuna, nawaambia kweli. Nililala usiku huo nikiwaza uso wa baba.

* * *

Basi akafa Maria, mdogo wake Fransiska.

Mama mkwe akaja mlangoni, kanga ameifunga kiunoni kama wanavyofunga wafiwa. Oswaldi alikuwa anapanga miche ya sabuni kwenye gunia.

"Mwanangu, nipe kipande. Tunataka kumwosha mama yako mdogo."

Oswaldi akasimamisha mikono. Akanigeukia.

Hapa nisikilizeni. Ningeweza kusema, "Mpe." Neno moja. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nachambua mchele, na Maria mwenyewe alinipokea vizuri siku ya harusi yangu. Nikaendelea kuchambua mchele.

"Mayo," Oswaldi akamwambia mama yake kwa Kifipa chao, kisha akarudi kwenye Kiswahili kama mtu wa ofisini, "sabuni hii ni biashara."

"Ni maiti, Oswaldi. Nimwoshe na nini?"

"Majivu yapo jikoni."

Fransiska hakulia. Alikwenda jikoni kwangu, akachota majivu kwa viganja, akaondoka nayo.

Nilisikia baridi mgongoni. Na chini ya ile baridi, kulikuwa na furaha. Nilifurahi, wasomaji wangu. Kesho yake, marehemu yuko ndani bado, nilimpa dereva wa lori maneno ampelekee baba: "Mwambie amemnyima mama yake."

Jibu la baba lilirudi na lori lile lile. "Mwambie binti yangu aanze kufunga milango."

Nikadhani anazungumzia wezi.

* * *

Msako wa walanguzi ukafika Ufipa. Tulikuwa tukisikia redioni wamekamatwa wa mijini, tukaona ni mambo ya mijini. Asubuhi moja mgambo wakaingia uani kwetu, mbele yao Flavian, katibu wa kijiji, mtu aliyekuwa akioga kwa sabuni yangu kila siku ya Mungu.

Walikwenda moja kwa moja kwenye kihenge cha ulezi. Hawakutafuta. Walitia mkono wakatoa pipa la kostiki, halafu miche ya sabuni, mmoja mmoja.

Kijiji kizima kilisimama nje ya ua.

"Mali hii ya nani?" Flavian akauliza.

Nilimtazama mume wangu. Tulikuwa tumeshakubaliana zamani: tukikamatwa tunasema ni ya matumizi ya nyumbani, ya wote wawili. Wote wawili tutajitetea.

"Ya mke wangu," Oswaldi akasema. "Mimi ni mkulima."

"Baba Beda!"

"Kwao ni wafanyabiashara. Kila mtu anajua. Mimi nilikuwa nabebeshwa tu kikapu."

Mama mkwe akapenya katikati ya watu. "Mwanangu, sema kweli mbele ya watu."

"Nimesema, mayo."

Nikawageukia majirani. Mke wa Zenon alikuwepo, mtoto mgongoni. Alijua nani alikuwa akiuza. Alinitazama, akamrekebisha mtoto mgongoni. Wote wakanyamaza. Kila mmoja wao tuliwahi kumwambia hapana.

* * *

Walinifungia kwenye ghala la mbolea, mlangoni akakaa mgambo mmoja aitwaye Adriano. Nisubiri lori la polisi kunipeleka Sumbawanga. Lori halikuja. Halikuwa na dizeli.

Baada ya siku kadhaa Oswaldi alikuja mchana, amevaa koti lake la harusi.

"Umekuja kunitoa?"

"Nimekuja kuzungumza." Akakalia gunia. "Kijiji kimepata mradi. Sabuni. Flavian ameandika wilayani, wamekubali. Ile kostiki iliyokamatwa inakuwa mali ya mradi. Msimamizi ni mimi."

Nilihisi harufu ya mbolea ikinipanda kichwani. "Kwa hiyo ni wewe uliyewaambia iko kwenye kihenge."

Hakukataa. "Wangeipata tu. Na tungekwenda wote wawili. Beda angebaki na nani? Ulinifundisha mwenyewe, Mama Beda. Hasara ikija, tafuta wa kuibeba."

"Nilikuwa nasema juu ya wateja!"

"Hukusema ni wateja tu."



"Kitu kimoja hukunifundisha," akaendelea. "Ulikuwa unafunga mlango. Debe moja la mawese, unatia kostiki kiasi gani?"

Hapo nikapumua. Kumbe bado nilikuwa na bidhaa.

"Nitoe kwanza."

"Kipimo kwanza. Ukishanipa, Flavian ataandika kwamba ilikuwa ya matumizi ya nyumbani. Unarudi kwa mtoto wako. Usiponipa, lori likija unapanda."

"Nitajuaje kama mtanitoa?"

"Hutajua. Lakini huna mnunuzi mwingine."

Yale yalikuwa maneno yangu. Nilimfundisha siku tuliyokuwa tukinunua mbuzi wa mjane mmoja, nikamwambia: kabla ya kutaja bei, hakikisha huyu mtu hana pa kwenda.

Kipimo cha kweli kilikuwa makopo mawili. Ukizidisha, kostiki inabaki ndani ya sabuni, kwa kuwa mafuta hayakutosha kuimaliza, na itakula ngozi ya mtu.

"Manne," nikasema.

"Manne?"

"Manne yamejaa. Na usisubiri ikauke. Ikishaganda tu, inafaa kuogea."

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikila mbele yake.

"Apa," akasema. "Apa kwa jina la Beda."

Nikaapa.

Akasimama, akakung'uta koti. Alipofika mlangoni akageuka.

"Flavian hataandika kitu," akasema kwa upole kabisa. "Sikuwahi hata kumwomba. Lori litakuja dizeli ikipatikana."

Mlango ukafungwa. Nikakaa juu ya mbolea, nikacheka. Nilicheka mpaka Adriano akafungua kuangalia kama nimepata wazimu. Nilikuwa namwona Oswaldi akiuza sabuni yake ya kwanza kwa Flavian, na Flavian akijipaka kifuani, kwapani, usoni. Nikasema ahsante Mungu.

* * *

Siku lori lilipofika, Fransiska alifika kabla yake na kibuyu cha uji wa ulezi.

Yule mama niliyemwacha aondoke na majivu viganjani, ndiye pekee katika kijiji kile aliyeniletea uji. Niliupokea bila kumwangalia.

"Kunywa, mwanangu. Safari ni ndefu." Akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona na uso mwepesi. "Mungu amemrudisha mwanangu. Ameniletea kipande cha sabuni mwenyewe, akapiga magoti; nimekiweka, bado sijakigusa. Na leo anagawa bure."

"Anagawa nini bure?"

"Sabuni. Ya kwanza yote ni bure, kwa watoto wenye upele. Mgeni wa wilaya amekuja kuangalia mradi. Watoto wote wanaogeshwa bombani, mbele ya watu. Beda ndiye wa kwanza, baba yake anataka aoneshe mfano." Akashusha sauti, kama anayenipa siri tamu. "Maskini, mgongo wote umechubuka kwa kujikuna. Nimeambiwa nimsugue sana, mpaka ndani ya vidonda."

Kibuyu kikanitoka mikononi.

"Mayo, usimwogeshe."

"Kwa nini?"

"Sabuni ile ni mbaya. Nilimpa Oswaldi kipimo cha uongo. Itawaunguza. Kimbia, mayo, nakuomba, kimbia ukamwambie!"

Fransiska aliokota kibuyu. Akapangusa uji kwa pindo la kanga yake, taratibu.

"Umefungwa," akasema, "na bado hutaki mtu mwingine awe na sabuni."

"Si hivyo! Naapa kwa jina la..."

 Jina lile nilikuwa nimeshalitumia.

"Nilidhani mwanangu ndiye aliyeharibika," mama mkwe akasema. "Sasa naona alikuwa anasumbuliwa na wewe." Akainuka, akatoka. Hakugeuka.

Nilipiga kelele mpaka askari wa lori akaja, sajenti mmoja mwenye sauti ya mafua. Nikamweleza yote. Makopo mawili, makopo manne, nilivyoapa.

"Subiri," akasema. "Unaniambia umeharibu mradi wa kijiji kwa makusudi?"

"Ndiyo."

"Unajua hiyo ni hujuma? Kwa ile sabuni ya kwanza ungepigwa faini, labda ungekaa ndani kidogo. Kwa hili utazeekea huko."

"Najua. Nipeleke bombani."

Alinitazama, akapenga kamasi. "Panda," akasema, akanifunga mikono. "Ni njiani."

* * *

Watoto walikuwa wamepangwa mstari, wamevuliwa nguo, wanatetemeka na upepo wetu wa Ufipa. Beda alikuwa mbele, mikono ameibana kifuani. Mgeni wa wilaya alikaa kwenye kiti cha shule. Oswaldi alisimama kando ya bomba na karai lililojaa miche ya sabuni, ya manjano, mizuri. Mizuri kuliko yangu.

"Msiwaguse!" nikapiga kelele kutoka kwenye lori. "Sabuni itawababua!"

Watu wakageuka. Flavian akasema kitu cha "adui wa maendeleo." Mgeni akakunja uso. Lakini Oswaldi hakushtuka. Alitabasamu, akazungumza na wote kwa sauti ya mtu mwenye duka.

"Ndugu zangu, huyu ni mke wangu. Alikuwa anawauzia nyinyi sabuni kwa kuku na mbuzi. Leo inatolewa bure. Mnamtegemea aseme nini?"

Wakacheka. Hata mke wa Zenon.

"Mfungue mikono," Oswaldi akamwambia sajenti. "Aoge yeye kwanza. Kama ni mbaya, tutaona."

Sajenti akanifungua. Nilikwenda bombani karibu nikikimbia. Nikachukua mche, nikajipaka mkono wa kushoto kutoka kiganjani mpaka kiwikoni, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Povu likatoka jingi, jeupe. Nikasubiri.

Sikusikia kitu.

"Mnaona?" Oswaldi akasema.

"Subirini! Kostiki haiumi pale pale! Subirini kidogo!"

"Tusubiri mpaka lini? Mpaka watoto wagande?"

Kicheko kingine. Mgeni akatazama saa. Mama mkwe akamsogeza Beda mbele, akamwinamia kumwambia asiogope.

Hapo ndipo maumivu yalipoanza. Muwasho kwanza. Halafu kama nimeweka mkono juu ya jiko. Nikautazama: ngozi ilikuwa imevimba, malengelenge madogo yanainuka karibu na kiwiko, moja, jingine.

Nikafungua kinywa. Lakini Oswaldi alikuwa ameshauona. Nilimwona anavyouona. Macho yake yalishuka mkononi mwangu, yakakaa pale, yakapanda kwa mgeni wa wilaya, yakaenda kwenye karai, yakarudi kwangu. Hayakuwa macho ya yule mtu aliyemwonea huruma kuku.

Akavua koti lake la harusi. Akanifunika nalo kwa upole mbele ya watu wote, mkono ule ukiwa ndani, akanishika kwa nguvu ambayo sikujua anayo, na kiganja chake kingine kikanifunga mdomo kama anayenifuta machozi.

"Mama Beda anasikia baridi," akawaambia. "Mayo, endelea."

Na Fransiska akafungua bomba.